Hotuba Niliyoitoa Nikiwa Ndani ya Bomba la Watoto

Jamani, leo nimeaibika mbele ya mtaa mzima. Sikusimuliwa, sikuota. Nimeshaoga, nimejifungia chumbani, goti linaniuma na kiuno nacho kinadai haki yake. Nawaandikia haraka kabla hamjasikia kwa Rajabu, maana Rajabu akisimulia lazima aongeze chumvi, na kisa hiki hakihitaji chumvi ya mtu.

Nianze na mama mkwe.

Mama mkwe wangu amefika jana kutoka Gulwe. Ni mara yake ya kwanza kulala kwetu tangu nimuoe binti yake. Amekuja na kuku, mlenda mkavu, na ukimya wake. Sasa kwetu Wagogo, mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Hamkai kochi moja. Hamtazamani usoni. Ukimsikia anakohoa sebuleni, wewe pitia mlango wa uani. Najua siku hizi kuna wenzetu wanapiga picha wamekumbatiana na wakwe zao. Hongereni sana. Mimi sikulelewa hivyo, na yeye ndiyo kabisa.

Halafu kuna jambo jingine. Wakati wa posa huyu mama alisema neno, na siku moja likamponyoka mke wangu mbele yangu (au alifanya makusudi, mpaka leo sijui). Alisema, "Kijana si mbaya, ila ni mtu wa kukimbiza mpira." Basi. Hilo neno nimeishi nalo. Nimejenga, nimepata mtoto, nimeota kitambi, bado nalisikia. Kwa hiyo kwenye ujio huu nilikuwa na kazi moja tu: arudi Gulwe akijua kwamba binti yake ameolewa na mtu mzima mwenye akili zake.

Na nafasi ilikuwepo. Leo jioni mtaani kwetu kulikuwa na kikao cha taa.

Kwa msiopajua kwetu, tuna eneo la wazi la mtaa. Upande mmoja ni uwanja wa mpira, vumbi jekundu na magoli ya chuma. Upande wa pili ni wa watoto. Kuna bembea, kuna benchi la zege, na kuna lile bomba kubwa la plastiki la njano ambalo mtoto anapanda ngazi, anaingia kwa juu, anateleza, anatokea chini. Katikati ya pande hizo mbili imesimamishwa nguzo moja ndefu ya taa kubwa nne, na leo ndiyo fundi alikuwa anakuja kuzifunga. Ugomvi wetu ulikuwa mmoja tu: zitazame wapi? Akishazikaza amezikaza. Gari lenye ngazi ndefu limeazimwa, na kwa jinsi lilivyopatikana kwa taabu, halirudi tena.

Sisi maveterani, yaani wachezaji wakongwe wa mtaa, tunataka zote nne zitazame uwanjani. Tunatoka kazini jua linazama, kipindi cha pili mpira tunausikia tu, hatuuoni. Akina mama wanataka zitazame kwa watoto. Wanasema mchana lile bomba linachoma kama kikaango (jua la Dodoma mnalijua), mtoto hawezi kulikalia mpaka jioni, na jioni ikifika giza nalo limefika. Msemaji wa akina mama ni Mama Zuhura. Mama Zuhura ni mke wa Rajabu. Na Rajabu ndiye nahodha wetu sisi maveterani. Ndiyo, nyumba moja, kambi mbili. Rajabu anasema wiki hii chai anainywa bila sukari na haruhusiwi kuuliza.

Mwenyekiti wa maveterani ni mimi. Hotuba nilikuwa nayo kichwani, imekamilika, ina methali mbili. Jana usiku nilimdokeza mke wangu, "Kesho nazungumza mbele ya mtaa." Nilijua atamwambia mama yake. Ndiyo maana nilimdokeza.

Mpango ulikuwa rahisi. Tufanye mazoezi mepesi, kisha nivae suruali yangu ya kitambaa na shati la mikono mirefu, nisimame, nizungumze kwa utaratibu. Nguo zilikuwa kwenye begi, begi nimelitundika kwenye pikipiki ya Rajabu. Mazoezi yakaisha. Nageuka, pikipiki haipo.

"Rajabu yuko wapi?"

"Kaenda kumpokea fundi aliyepotea njia."

"Na begi langu?"

"Si lipo kwenye pikipiki?"

Nikabaki na bukta. Niwaeleze kuhusu hiyo bukta. Ni ya enzi zile nilipokuwa winga. Siku hizi nacheza beki wa kati, tena beki wa kusimama, lakini bukta ni ile ile. Kwa mbele inajitahidi. Kwa nyuma ni ya kuombea dua.

Bado sikuogopa. Watu walikuwa hawajaanza kuja, na wenzangu walikuwa wamekwenda dukani kununua maji. Nikasimama peke yangu pale karibu na bembea, napitia hotuba kimoyomoyo. Ndipo nikaona kitenge cha bluu kinakuja kwenye njia ya kutokea kwetu. Pembeni ya kitenge kuna kigauni cha njano kinarukaruka. Kigauni ni cha binti yangu Upendo, ambaye hajaanza hata shule. Kitenge ni cha mama mkwe!

Najua mtaniuliza, si ungemsalimia tu? Nimsalimie! Mapaja yako nje! Mkwe wangu mzaa chema, wa Gulwe, anione nimesimama kwenye bembea za watoto na bukta ya kitoto? Si angethibitisha lile neno lake la posa na kuligonga muhuri?

Nikatafuta pa kujificha. Jamani, eneo lile halina hata kichaka. Nguzo ya taa ni nyembamba na mimi si mwembamba. Nikaliona bomba la njano. Sikufikiri mara mbili (hata mara moja sikufikiri). Nikaingia kwa chini, kichwa kikitangulia, nikajivuta kwa viwiko mpaka miguu nayo ikamezwa. Nikajiambia nitulie kidogo, bibi na mjukuu wacheze bembea, waondoke, Rajabu arudi na suruali.

Mama mkwe akaja moja kwa moja akakaa kwenye lile benchi la zege. Benchi liko mbele ya mdomo wa bomba. Nilisikia kandambili zake zikivuliwa.

"Nenda ukacheze, mjukuu wangu," akasema. "Mimi niko hapa hapa, siondoki."

Sasa Upendo bembea hazipendi. Upendo anapenda bomba. Nikasikia miguu yake inapanda ngazi, nikajivuta juu nimuwahi kumzuia, na bomba pale katikati lina kona. Kifua kikapita. Kitambi kikakataa. Nikataka kurudi chini, kitambi kikakataa tena. Nikiwa katika majadiliano hayo, mtoto akateremka kama gunia la mahindi la soko la Kibaigwa, akatua kichwani kwangu na visigino.

"Baba?"

"Shh!"

"Baba, unafanya nini?"

"Nacheza."

"Bibi yuko nje."

"Najua, mwanangu. Tunajificha bibi asituone. Usiseme neno."

Akafurahi. Akajikunyata pale juu ya mabega yangu, anashika sikio langu, anasubiri mchezo uanze. Mimi jasho lilikuwa linanitiririka mpaka puani, maana ile plastiki ilikuwa bado haijasahau jua la mchana.

Huku nje watu wakaanza kufika. Mnajua adabu ya kwetu, mgeni mtu mzima akionekana amekaa lazima asalimiwe. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Lameki, akamwendea. "Mbukwenyi, mama, mbukwenyi!" Akina mama wakamfuata kusalimia. Maveterani wakarudi na maji yao, nao wakaja, "Shikamoo mama, shikamoo mama." Salamu za Kigogo haziishi upesi, kila mtu akauliza habari za Gulwe, mvua, na mifugo. Zilipokwisha, kikao chote kilikuwa kimekusanyika mbele ya bomba langu. Mzee Lameki akasema, "Basi tuanzie hapa hapa." Hata pikipiki ya Rajabu nikaisikia inazimwa, na fundi akapanda ngazi ya gari lake, akazishikiza taa bila kuzikaza na kuziwasha kwa majaribio, kwanza zote nne zikitazama uwanjani.

Mama Zuhura akaanza. Anajua kusema yule mama. Akaeleza watoto wanavyoungua mchana na wanavyojikwaa jioni. Akina mama wakapiga vigelegele.

"Haya, tuwasikie maveterani," akasema Mzee Lameki. "Mwenyekiti wao yuko wapi?"

"Alikuwepo hapa," akasema Rajabu. "Tumemwacha hapa hapa. Mimi begi lake ninalo."

"Sasa mtu anataka taa, siku ya taa hayupo!" akasema Mzee Lameki. "Tukate shauri, ndugu zangu, jua limezama."

Ndipo nikasikia sauti ya mama mkwe. Alisema taratibu, kwa aibu ya mgeni.

"Samahani, baba mwenyekiti. Huyo mnayemtafuta ndiye mkwe wangu. Binti yangu aliniambia leo anazungumza mbele ya watu. Mimi nimekuja kumsikia."

Jamani. Kumbe hakuja kwa ajili ya bembea. Alikuja kunisikia mimi! Alikuwa amevaa kitenge chake cha heshima, ametembea na magoti yake yale, kuja kumsikia mkwe wake akisema neno la maana. Na mkwe mwenyewe amekwama kwenye bomba kama panya kwenye mfereji. Niliumia, siwezi kuwaficha. Nikaona nikinyamaza, mama huyu atarudi Gulwe anajua nimewakimbia watu. Nikisema, atajua niko wapi. Nikachagua.

"Mheshimiwa mwenyekiti, nipo!"

Sikujua kwamba lile bomba ni kipaza sauti. Sauti ilitoka kama ya mtu anayeita wafu. Nje kukawa vurugu. "Yesu wangu!" "Astaghfirullah!" Kuna aliyeangusha ndoo. Nilisikia miguu inakimbia, na fundi kule juu akapiga kelele akiuliza kuna nini huko chini.

"Nani anaongea?" Mzee Lameki akauliza. Sauti yake ilikuwa imerudi nyuma hatua kadhaa.

"Ni mimi, Baba Upendo."

"Uko wapi?"

"Nipo... karibu."

"Karibu wapi?"

"Kwenye bomba, mwenyekiti."

"Unafanya nini kwenye bomba?"

"Nakagua," nikasema. (Msiniulize lilitoka wapi.) "Nakagua usalama wa vifaa vya watoto."

"Basi toka uje uzungumze."

"Naomba kuzungumza nikiwa huku huku."

Nikasikia Rajabu anaanza kucheka kwa pua. Ila Mzee Lameki ni mtu wa taratibu, akasema kila mwananchi ana haki ya kusikilizwa popote alipo. Nikakohoa, nikaanza. Na niwaambie ukweli, nilianza vizuri. Nikasema, "Ndugu wananchi wenzangu, wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa." Bomba likaitikia, hutunzwa, hutunzwa. Nikaeleza afya, nikaeleza umoja, nikaeleza jinsi mpira unavyowaweka wanaume mbali na vilabu vya pombe. Nikafika kwenye methali ya pili.

"Na wahenga hao hao walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mtoto aliyelelewa vizuri, giza likiingia yuko nyumbani, anaoga. Hahitaji taa! Nasema mtoto hahitaji..."

"Baba," akasema Upendo, kwa sauti ya kulia. "Mimi naogopa. Huku giza."

Bomba likapeleka na hilo nje, neno kwa neno. Huku giza, huku giza.

Watu walivunjika mbavu! Akina mama vigelegele vikarudi upya. Mimi sikucheka. Mtoto alikuwa ameng'ang'ania sikio langu kwa mikono miwili, na ni kweli hata mkono wangu mwenyewe nilikuwa siuoni. Taa zote nne zilikuwa zinawaka, zote ziko kule uwanjani kama nilivyotaka, na huku kwa watoto giza ni la kukata kwa kisu. Nikajisikia vibaya kwelikweli.

"Mheshimiwa mwenyekiti," nikasema, "naomba kubadilisha hoja."

"Badilisha."

"Humu ndani hakuonekani kitu. Naomba nusu kwa nusu."

"Tumekusikia. Sasa toka."

"Ndiyo hivyo, mwenyekiti. Nimekwama."

Mama Zuhura akapanda ngazi za juu, akamvuta Upendo kwa mikono, mtoto akatoka salama. Chini wakaja maveterani. Timu nzima, beki na mawinga, wanapapasa gizani.

"Nimeshika kitu," akasema mmoja. "Sijui ni mguu wake au ni nguzo ya bembea."

"Vuta tuone."

"Msivute! Ni mguu!"

"Huu ni wa kushoto au wa kulia?"

Rajabu akachoka. Akapiga kelele mpaka mtaa wa pili nadhani walisikia. "Fundi! Geuza taa mbili huku kwa watoto, hatuoni kitu!"

"Hebu rudia hapo, mume wangu," akasema Mama Zuhura kutoka juu. "Zigeuzwe wapi?"

Fundi alikuwa bado hajakaza bolti, akazigeuza mbili. Mwanga ukaja mpaka ndani ya bomba, nikaona kitambi changu kilivyoshika ile kona, na nikakiri kwamba kosa halikuwa la bomba. Wakanihesabia moja, mbili, tatu. Wakavuta. Nikasikia kitu kinachanika, nikaomba Mungu iwe ni plastiki. Haikuwa plastiki.

Nikatoka kwa kishindo, kifudifudi, kwenye vumbi, katikati ya taa mbili kubwa zinazoweza kumulika nusu uwanja. Bukta imepasuka kwa nyuma kutoka juu hadi chini. Mtaa mzima umesimama. Kisha mtaa mzima ukacheka mpaka fundi akashika ngazi kwa mikono miwili asianguke.

Mimi sikuwa nawatazama wao. Nilikuwa namtafuta mmoja tu. Nikainua kichwa polepole kutazama lile benchi.

Mama mkwe alikuwa amesimama ametupa mgongo.

Mama Zuhura alinieleza baadaye. Anasema niliposema tu "Ni mimi, Baba Upendo," yule mama aliinuka, akajitanda kitenge kichwani, akageukia uwanjani, na tangu hapo hakugeuka tena. Hotuba nzima kaisikiliza hivyo hivyo. Miguu inavutwa, yeye kageuka. Bukta inachanika, yeye kageuka. Adabu ya ukwe niliyoikimbia mpaka bombani, kumbe ndiyo iliyoniokoa! Niliposikia hivyo nilitamani kulia kwa nafuu niliyoipata. Mtaa mzima umeona, lakini yeye hakuona.

Na kwa sababu alikuwa ameelekea uwanjani, yeye ndiye aliyesema neno la mwisho. Kule uwanjani vijana walikuwa wanaendelea kupiga danadana chini ya taa mbili zilizobaki.

"Baba mwenyekiti," akasema, bado kageuka. "Mwambieni mkwe wangu kwamba huku nako mpira unaonekana. Hata vumbi lake naliona."

Mzee Lameki akatazama. Maveterani tukatazama (mimi nikiwa nimekaa chini, kwa sababu mnazozielewa). Kweli. Mpira unaonekana, magoli yanaonekana, na huku watoto walikuwa wameshaanza kupanga foleni kwenye bomba. "Fundi," akasema Mzee Lameki, "kaza hivyo hivyo!"

Mama mkwe akavua kitenge cha juu, akamkabidhi Upendo bila kugeuka. "Mpelekee baba yako." Nikajifunga. Rajabu akanikumbusha kwamba begi langu lipo, nikamwambia alale nalo. Tukarudi nyumbani kwa heshima zote, mama mkwe na mjukuu mbele, mimi nyuma kwa mbali kama inavyotakiwa, nimejifunga kitenge cha bluu, naitikia salamu za majirani ambao kila mmoja alikuwa na kikohozi.

Sasa hivi mke wangu ameingia kuniletea chai. Nikamuuliza, mama anasemaje?

"Anasema amekusikia."

"Na anasemaje?"

"Anasema ulipokosea ulikubali mbele za watu. Anasema wanaume wengi wangebishana mpaka asubuhi wakiwa humo humo ndani."

Nimevuta pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeibana tangu siku ya posa. Chai imekuwa tamu, goti limeacha kuuma. Mke wangu amerudi jikoni, na huko namsikia mama mkwe anamsimulia tangu mwanzo, anaigiza mpaka sauti ya bomba, anacheka mpaka anakohoa.

Yeye namruhusu acheke, kwa sababu hakutazama. Nyie majirani mliotazama, kama mnasoma hapa, nawaomba kistaarabu mkae kimya.